Kumfundisha mtoto mwenye usonji kuomba kwa picha: mwongozo kamili wa nyumbani

Wazazi wengi wa Dar es Salaam wanasema jambo moja: "Picha tulishajaribu, hazikusaidia." Ukifika nyumbani unazikuta picha zenyewe zimebandikwa ukutani karibu na friji, za rangi na za kupendeza: tufaha, treni, mpira, mbwa. Mtoto anapita chini yake akimvuta mama mkono kuelekea jikoni. Analia, anajipiga kichwani, na hakuna anayejua kama anataka maji, anataka uji, au feni inamkera.

Tatizo haliko kwenye picha. Picha hizo zilitumika kumfundisha mtoto majina ya vitu, na yeye alikuwa anahitaji jambo jingine kabisa: namna ya kumwendea mtu na kumfahamisha anachotaka. Mwongozo huu unahusu hilo peke yake. Njia yenyewe ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na wataalamu huiita PECS, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mfumo wa kuwasiliana kwa kupeana picha, kwa hiyo ukilisikia jina hilo kliniki ujue ndiyo hii. Hapa nimeipanga kwa nyumba zetu, zenye vyumba viwili, watu saba na umeme wa kukatikakatika.

Kwa nini haombi kama wenzake

Watoto wengi, kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu, hunyoosha kidole kwenye kitu, wakamtazama mama usoni, kisha wakakitazama kitu tena. Hapo wameshasema. Watoto wengi wenye usonji hawafanyi hivyo. Mtoto atakushika kifundo cha mkono na kuupeleka mkono wako kwenye kopo la sukari bila kukutazama hata mara moja, au atasimama mbele ya kabati na kulia tu.

Hiyo siyo jeuri wala uvivu. Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, nayo huanza mapema sana. Hauletwi na chanjo, wala na mama kwenda kazini, wala na malezi mabaya. Mtoto anataka kama anavyotaka mtoto mwingine yeyote, ila njia ya kumfikishia mtu haja yake haijafunguka.

Picha inamfaa kwa sababu mbili. Neno likishatamkwa limepita, lakini picha inabaki mkononi akaitazama kwa muda anaoutaka. Pili, ili picha ifanye kazi lazima aipeleke kwa mtu. Kule kumwendea mtu ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo picha iliyogandishwa ukutani haimfundishi kuomba.

Kabla ya yote: masikio

Kama mtoto hajawahi kupimwa usikivu, apimwe. Mtoto asiyesikia vizuri naye hachelewi kuonekana "hajali anapoitwa", na tiba yake ni nyingine. Usonji wenyewe hauna kipimo cha damu wala cha mashine. Daktari anamchunguza mtoto anavyocheza na kuhusiana na watu, na anakuuliza wewe maswali mengi kuhusu makuzi yake. Njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya au hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, na kutoka hapo unaweza kupewa rufaa kwenda Muhimbili. Kama mtoto huduwaa ghafla huku macho yamekodoka, hutikisika, au alikuwa na maneno na sasa yamepotea, mweleze daktari siku hiyohiyo, kwa sababu kifafa hutokea kwa baadhi ya watoto wenye usonji na kinahitaji dawa zake.

Lakini usisubiri karatasi ya majibu ndipo uanze picha. Zoezi hili halimdhuru mtoto yeyote aliyechelewa kuongea, awe na usonji au asiwe nao.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera, na steshenari ya mtaani inayochapa picha za rangi na kupiga laminesheni. Pasipo laminesheni, bandika picha kwenye karatasi ya manila na uifunike pande zote mbili kwa selotepu pana.
- Kaunta buku ndogo au faili gumu. Hicho ndicho kitakuwa kitabu chake.
- Mkanda wa kunata wa nguo, ule wenye upande laini na upande wa kukwaruza, unaofungia viatu vya watoto. Fundi cherehani yeyote atakuelewa, na maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo yanao.
- Kamba pana ya begi la zamani, ili kitabu kivaliwe begani.
- Vikopo vya plastiki vinavyoonesha kilichomo, vyenye mifuniko ambayo mtoto hawezi kuifungua mwenyewe.
- Vitu vitatu hadi vitano anavyovipenda sana.
- Watu wawili.

Hao watu wawili ndio hukosekana, na nyumba nyingi huanguka hapo. Zoezi la kwanza haliendi na mtu mmoja. Wa pili anaweza kuwa baba, bibi, shangazi, dada wa kazi au jirani anayeaminika. Hata kaka yake wa miaka kumi anaweza kukaa mbele ya mtoto na kutoa kitu. Kazi ya nyuma ya mtoto ndiyo lazima ifanywe na mtu mzima.

Hatua ya 1: Tafuta anachokitaka kweli

Usibuni, na usiwaulize watu. Weka vitu viwili mbele yake, kaa kimya, tazama anachokichukua. Badilisha kimoja, rudia. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, ukiandika.

Utashangaa. Mama mmoja wa Mbagala aliapa kwamba mwanawe hana anachokipenda zaidi ya biskuti. Tulipoweka biskuti na kipande cha kamba ya kiatu, mtoto alichukua kamba, akaizungusha mbele ya macho yake huku akicheka. Tulirudia mara nyingi na kila mara akaifuata kamba. Basi picha yake ya kwanza ikawa ya kamba ya kiatu. Watu wa nyumbani hawakupendezwa, waliona tunamfundisha ujinga, lakini mtoto ataomba anachokitaka yeye na siyo kile ambacho sisi tungependa akitake.

Vinavyofaa ni vitu vinavyokwisha haraka au vinavyorudishwa kirahisi: mafunda mawili ya juisi ya ukwaju, kipande cha andazi, mapovu ya sabuni, puto linalotolewa upepo, kusukumwa kwenye bembea. Simu iache kwanza. Ukishampa, kumnyang'anya kutaleta vita, na zoezi zima litavurugika.

*Angalia:* usimnyime mlo ili awe na hamu. Uji, ugali, wali na maji ni haki yake, hataviombea kwa picha ndipo apewe. Tumia vya ziada tu. Karanga nzima na bisi zinaweza kumpalia mtoto mdogo, usizitumie.

*Utajua umefanikiwa* ukiwa na orodha ya vitu vitatu au zaidi, vimepangwa kuanzia anachokigombania zaidi.

Hatua ya 2: Piga picha vitu vyake yeye

Piga picha kikombe chenyewe anachonywea, andazi lenyewe, chupa yenyewe ya mapovu. Weka kitu juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, kiwe peke yake, hakuna mkono wala sinia wala khanga yenye maua nyuma. Mtoto mwenye usonji anaweza kushika jambo dogo la pembeni ya picha na kulifanya ndilo picha yenyewe. Ukipiga juisi juu ya meza ya bluu, kwake hiyo inaweza kuwa picha ya meza.

Michoro ya kwenye intaneti iache. Inaonesha vyakula na vyombo visivyofanana na vya jikoni kwako.

Ukubwa wa sentimita tano kwa tano unatosha. Chapa nakala mbili za kila moja, kwa sababu atazitafuna. Mpango mmoja nyumba nzima: upande laini wa mkanda uwe nyuma ya picha, wa kukwaruza uwe kwenye kitabu. Ukichanganya, picha ulizoziongeza mwezi ujao hazitashika.

Hatua ya 3: Kupeana kwa mara ya kwanza

Hapa usiharakishe. Karibu kila aliyeniambia "hazikusaidia" alipotea kwenye hatua hii.

Kaeni mkekani. Mtoto katikati. Wewe mbele yake, karibu kiasi cha kugusana, umeshika kikombe cha juisi anakiona. Mwenzako amepiga magoti nyuma ya mtoto. Kati yako na mtoto, sakafuni, kuna picha moja tu, ya juisi. Televisheni imezimwa, watoto wengine wako nje.

Wewe unamwonesha juisi. Unaweza kunywa funda dogo akuone. Husemi kitu. Mtoto akinyoosha mkono kukifuata kikombe, wa nyuma anaushika mkono huo kwa upole, anauelekeza kwenye picha, anamsaidia kuiokota, anaupeleka mkono wenye picha hadi kwenye kiganja chako ulichokifungua, na anamsaidia kuiachia. Picha ikigusa kiganja chako, palepale unasema "Juisi!" kwa furaha na kumpa kikombe. Usivute pumzi kwanza. Mafunda mawili, unachukua kikombe, unarudisha picha sakafuni, mnaanza tena.

Wa nyuma asiseme neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Asimpongeze, asimwite jina. Yeye ni mikono tu. Akianza kusema, mtoto atageuka nyuma kumsikiliza, wakati mtu wa kuongea naye ni wewe uliye mbele.

Wa mbele naye ana vishawishi vyake. Usiulize "unataka nini?" Usiseme "nipe picha" wala "sema juisi". Najua ni vigumu, ulimi unawasha. Lakini ukimzoesha kuulizwa, atakuja kusubiri kuulizwa maisha yake yote, na siku yuko kwa mjomba wake ana kiu na hakuna aliyemwuliza, atakaa na kiu. Tunataka aanze yeye. Pia usikifungue kiganja mapema. Kifungue baada ya yeye kushika picha, la sivyo kiganja chako kitakuwa ndicho kinachomwambia aanze.

Misaada ya nyuma inapunguzwa kuanzia mwisho. Kwanza mwenzako anaacha kumsaidia kuachia picha. Akiweza hilo, anaacha kumsaidia kuufikisha mkono kwako. Akiweza na hilo, anaacha kumsaidia kuokota. Sababu ni kwamba mwisho wa tendo uko karibu na zawadi, na hapo ndipo anapoelewa haraka.

Je, akikikimbilia kikombe? Kiinue kidogo au kifunike kwa kiganja, bila kukunja uso, na wa nyuma aendelee na kazi yake. Akitupa picha? Iokote, irudishe, endelea. Akilia na kujitupa chini mara ya tatu mfululizo, pengine hicho siyo anachokitaka leo. Badilisha kitu na picha yake. Akijikaza mwili mikono inaposhikwa, acha kumshika. Mwache aguse picha kwa bahati tu, nawe umpe. Hatumlazimishi mtoto kwa nguvu, kwa sababu mtoto anayeogopa mikono yetu hatatuletea kitu.

Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa mkao mmoja. Fanyeni asubuhi, mchana na jioni, na simameni akiwa bado anataka.

*Utajua umefanikiwa* pale ambapo, katika mara kumi, mara nane anaokota picha, anaifikisha na kuiachia kiganjani mwako bila kuguswa. Kwa wengine huchukua siku mbili, kwa wengine wiki kadhaa. Usihesabu watoto wa wenzako.

Hatua ya 4: Sogea mbali

Sasa picha inabandikwa juu ya kitabu chake. Wewe rudi nyuma hatua moja. Kesho mbili. Kisha kaa kwenye kochi. Kisha simama mlangoni, umempa mgongo, unakunja nguo. Mtoto abandue picha, akufuate, akuguse, akupe. Wa nyuma bado yupo siku za mwanzo, kazi yake ni kumsukuma taratibu mabegani akikwama njiani, akiwa kimya vilevile.

Hatua hii watu wengi huiruka kwa sababu mtoto "ameshajua". Matokeo yake ni mtoto anayeomba akiwa mkekani tu, mbele ya mama tu. Badilisheni watu: leo baba, kesho bibi. Badilisheni mahali: uani, barazani, dukani kwa Mangi mnapokwenda kununua mkate. Badilisheni na kitu, asidhani picha ni ya juisi peke yake.

Kitabu kikae mahali pamoja anapopafikia mwenyewe, usawa wa kifua chake, saa zote. Siyo juu ya kabati, siyo kwenye begi lako. Kikiwa kwako, ni wewe unayeamua lini aongee.

*Utajua umefanikiwa* akija kukutafuta chumba kingine na picha mkononi. Siku hiyo mpe, hata kama mikono yako imejaa unga.

Hatua ya 5: Kuchagua

Mpaka hapa amejifunza kwamba kipande cha plastiki kikimfikia mtu huleta kitu. Pengine hajatazama kilichochorwa. Sasa bandika picha mbili: anachokipenda sana na asichokijali kabisa, tuseme andazi na soksi.

Akikupa andazi, mpe andazi kwa shangwe. Akikupa soksi, mpe soksi. Usiseme "hapana, siyo hiyo". Aliomba soksi, amepata soksi. Atakavyoishangaa ndivyo atakavyojua kwamba picha zina maana tofauti. Kisha mwoneshe picha ya andazi kwenye kitabu kwa kuigonga kidole, msaidie aitoe, msifu kidogo lakini usimpe andazi bado. Mfanyishe kitu kingine kidogo, kama kupiga makofi, halafu mrudishie nafasi ya kuchagua mwenyewe. Akitoa andazi safari hii, mpe. Ukimpa andazi pale ulipomsaidia, atajifunza mtindo wa kutoa soksi kwanza na andazi baadaye.

Hamisha picha mahali kila mara. Yapo macho yanayokariri "ya kushoto" badala ya kutazama.

Akizoea, weka vyote viwili anavyovipenda. Anapokupa picha, leta sinia lenye vitu vyote viwili na umwambie "chukua". Akichukua kinacholingana na picha yake, ameelewa. Akichukua kingine, mzuie kwa upole na urudie utaratibu wa juu. Kutoka mbili nenda tatu, kisha tano, kisha ukurasa mzima.

Hatua ya 6: "Subiri" na "leo hakuna"

Ataanza kuomba juisi kila dakika. Ni habari njema, ingawa saa moja asubuhi haitaonekana hivyo. Na nyumba zetu si duka: pesa huisha, umeme ukikatika barafu inayeyuka, mvua ikinyesha Jangwani hakuna anayetoka.

Kosa baya kuliko yote hufanyika hapa: mzazi amechoka, anaficha kitabu. Umemziba mdomo. Usikifiche hata siku moja.

Tengeneza kadi ya "subiri", kubwa kuliko nyingine, ya rangi moja inayoonekana, tuseme ya njano. Akikupa picha ya juisi, mpe kadi ya njano mkononi, sema "subiri", hesabu moyoni hadi tano, pokea kadi, mpe juisi. Tano kwanza, kweli tano. Kisha kumi. Kisha nusu dakika. Ukianza na dakika kumi, kadi ya njano itakuwa kwake kadi ya kunyimwa na ataichana.

Kwa kisichokuwepo, weka ukurasa wa mwisho wa kitabu wenye mstari mwekundu. Mwoneshe kopo tupu, hamisha picha ya juisi mwenyewe akiona, uipeleke kwenye ukurasa huo, sema "juisi leo hakuna", na papo hapo mfungulie ukurasa wa vilivyopo achague kingine. Atalia mara za mwanzo. Mwache alie ukiwa karibu naye. Kesho juisi ikipatikana, rudisha picha mahali pake akiwa anaona.

Hatua ya 7: Acha, msaada, choo

Kuomba vitamu ni mwanzo tu. Ongeza picha tatu zitakazopunguza vilio kuliko nyingine zote: "acha" (mkono uliofunguka), "msaada" (mkono juu ya mkono) na "choo" (choo chenu chenyewe, kiwe cha kukaa au cha shimo).

"Acha" fundisha kwa jambo dogo. Mpake mafuta kichwani kidogo, wa nyuma amsaidie kukupa kadi ya "acha", na wewe uache palepale. Mtoto mwenye namna ya kusema "sitaki" ikaheshimiwa hana sababu kubwa ya kung'ata. Tena ni ulinzi wake: mtoto aliyezoeshwa kuvumilia kila mkono unaomshika ni rahisi kudhuriwa na watu wabaya. Kwa yasiyoepukika kama sindano au dawa, usimpe kadi hiyo halafu ukaipuuza. Mwoneshe kitakachofuata, umshike, umalize haraka.

Je, hataongea tena?

Swali hili linatoka hasa kwa wakina baba. Tafiti zilizofanyika hazijaonesha kwamba picha zinazuia mtoto kuongea. Wapo ambao maneno yao huanza kusikika wakati wa kupeana picha. Ndiyo maana wa mbele hutamka "Juisi!" kila mara, wazi, neno moja. Wapo pia ambao hawatapata maneno ya kinywa, nao watahitaji picha au kifaa cha kuongelea ukubwani. Vyovyote iwavyo, usimnyime kitu kwa kusema "mpaka utamke". Ameshaomba. Mpe.

Watu wa nyumbani

Nimeona zoezi hili likifa kwa sababu ya watu kuliko kwa sababu ya mtoto. Mama anafundisha peke yake huku sebuleni wanasema mtoto amerogwa, au kwamba mama huyu ndiye "mwenye mkosi". Mwingine amebeba mafuta na maji ya kila aina kutoka kwa kila mtu aliyeahidi kumponya mtoto, na akiba ya nyumba imeishia huko. Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Anayekuuzia moja anakuuzia tamaa yako. Sala na dua ziendelee kwa imani yako, na kitabu cha picha kiwe wazi hukohuko.

Bibi usimpige semina. Mwamkie, mwambie, "Mama, naomba mikono yako," mkalishe nyuma ya mtoto, mpe kazi. Bibi aliyeona kwa macho yake mjukuu akileta picha ya andazi atawaeleza ukoo mzima vizuri kuliko wewe.

Dada wa kazi akiondoka, asiondoke na ujuzi wote. Andika mistari mitano ubandike jikoni: kitabu kinakaa wapi, usiulize, pokea picha, taja neno moja, mpe palepale. Ukutani pa jikoni ndipo maandishi yanapofaa.

Watoto wengine wa nyumba wapewe muda wao. Yule mwenye miaka minane ambaye kila siku anaambiwa "mwachie mwenzio" naye ana moyo. Tenga saa moja ya wiki ambayo ni yake na baba au mama, bila mdogo wake.

Na ndugu na majirani mnaosoma hapa, nisikilizeni. Mkimkuta mama huyu, msimpe ushauri wa mganga wala kumwuliza "kwani alipatwa na nini?" Mwambie: "Jumamosi nitakuja saa nne, nikae naye, ukalale." Kisha uje kweli, ujifunze kitabu kwanza. Baba wa mtoto naye aulizwe hali yake. Wengi wananyamaza na wanaumia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 Dar es Salaam. Ukigawanya tu, ni watu zaidi ya 40,000 katika jiji hili. Kuna familia nyingine mtaani kwako, pengine mlango wa tatu, imemfungia mtoto ndani kwa aibu. Itafute, mpeane zamu za mikono ya nyuma.

Kitabu kikitoka nje ya nyumba

Kitabu kinamfuata mtoto kila aendako, kwenye bajaji, kwenye mwendokasi, msikitini, kanisani. Kwenye safari punguza kurasa, acha "maji", "choo", "acha", "subiri" na kitu kimoja cha kumtuliza. Nyuma ya jalada andika: "Sijui kuongea. Nikikupa picha, nipe kilichomo au niite mzazi wangu," pamoja na namba yako ya simu.

Shuleni, nenda siku moja kabla ya masomo kuanza, umwoneshe mwalimu kwa vitendo. Zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya watoto wenye usonji, kama Msimbazi Mseto, Ilala. Kwa nyingine ulizia kwa afisa elimu maalumu wa manispaa yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mwanao na haki yake ya elimu, kwa hiyo unapoomba nafasi huombi hisani. Mwalimu akisema kitabu kitawasumbua wenzake, mwombe akae na mtoto kwa dakika kumi wakati wa uji, yeye mbele, wewe nyuma, picha ya kikombe cha uji katikati, uji wenyewe ukiwa wa ziada baada ya kile alichokwisha kupewa. Usiondoke mpaka mtoto amempa mwalimu picha angalau mara moja bila mkono wako.